Dola 5,000 za kuchoma tanzanite: uchambuzi wa andiko moja la ruzuku

Andiko linalochambuliwa hapa ni la mfano. Limeundwa kutokana na makosa yanayojirudia katika maombi ya watafiti wachanga wa madini, na bei zote zilizomo ni za kukadiria. Mwombaji tumempa hali ya kawaida kabisa: ana miaka 29, yuko mwaka wa kwanza wa uzamivu katika chuo kimoja Tanzania, hana mashine ya leza ya kupimia elementi chuoni kwake, na msimamizi wake ni mzuri lakini ana kazi nyingi. Fedha anazoomba ni za aina ya ruzuku za Mineralogical Society of America (MSA), chama kilichoanzishwa mwaka 1919, ambacho kina ruzuku za utafiti kwa wanafunzi wa madini na miamba, pamoja na ile ya mfuko wa Edward H. Kraus kwa utafiti wa fuwele. Tumezichagua kwa sababu mbili. Kiwango chake kwa miaka mingi kimekuwa dola 5,000, fedha ambayo ni ndogo kiasi kwamba kila kosa la hesabu linaonekana. Pili, vigezo vyake vinaeleweka: sifa za mwombaji, ubora na upya wa utafiti pamoja na uzito wake kisayansi, na uwezekano wa kazi kufanikiwa. Kigezo hicho cha mwisho ndicho kinachoangusha wengi wa ukanda wetu, na wengi hawakigusi kabisa katika maandiko yao.

Kabla ya kuingia ndani, kuna mkanganyiko wa kuondoa. Max Hey Medal ya chama cha madini cha Uingereza na Ireland, au MSA Award, ni tuzo. Hupewa mtu aliye mwanzoni mwa kazi yake kwa utafiti aliokwisha kuufanya na kuuchapisha, na jina lake hupelekwa na watu wengine. Ruzuku ni fedha ya kazi ambayo bado haijafanyika, na mwenyewe ndiye anayeomba. Mwombaji wetu alianza andiko lake kwa ukurasa mzima wa sifa zake, kama anayejipendekeza kwa nishani. Jopo la ruzuku linataka kujua ukipewa fedha Januari, Desemba utakuwa na nini mkononi.

Andiko la kwanza

Kichwa chake kilikuwa "Utafiti wa tanzanite ya Mirerani: asili, kemia na chanzo cha rangi". Mirerani ndiko inakochimbwa tanzanite, jiwe la thamani la Tanzania. Hayo ni maswali matatu, na kila moja linatosha shahada. Mpango ulikuwa kununua sampuli 60 kwa mabroka wa Arusha, kuzikata vipande vyembamba vya maikromita 30, kusafiri hadi maabara moja Ulaya, na kuzipima kwa maikroprobu ya elektroni (mashine inayopima kemia ya nukta ndogo kwa miale ya elektroni) kwa siku mbili. Bajeti: nauli ya ndege 1,400, malazi 900, vipande vyembamba 60 kwa dola 25 kila kimoja 1,500, maikroprobu siku mbili 800, safari za ndani na ununuzi 400. Jumla 5,000 kamili.

Hesabu inafunga vizuri. Tatizo ni kwamba haina uhusiano na swali.

Chukua maikroprobu. Sampuli 60 zenye nukta kumi kila moja ni nukta 600. Ukitaka kupima elementi zilizomo kwa kiasi kidogo, huwezi kukaa sekunde kumi kwenye kila mstari wa eksirei, yaani alama ya kila elementi. Utahitaji kama dakika tano kwa nukta. Hizo ni dakika 3,000, yaani saa 50. Siku mbili za kazi ni saa 16, na kabla ya nukta ya kwanza saa mbili au tatu zimeshaliwa na kurekebisha mashine kwa viwango vya ulinganisho. Mhakiki yeyote aliyewahi kukaa mbele ya mashine hiyo atafanya hesabu hii kichwani na kuweka kalamu chini.

Kuna jambo zito zaidi ya muda. Tanzanite ni zoisite (madini ya kalsiamu, alumini na silika) yenye vanadiamu. Tangu ilipogunduliwa mwaka 1967 inajulikana kwamba jiwe likichomwa kwenye joto la nyuzi kama 600 za Selsiasi, ile rangi ya kahawia au njano-kijani inatoweka na buluu na zambarau zinabaki. Wanaozozana wanazozana kuhusu kinachobadilika humo ndani: wapo wanaosema vanadiamu ndiyo inayobadili hali yake, wapo wanaosema ni titaniamu, na vanadiamu imesimama tu kutoa buluu. Kwa hiyo anayetaka kusema lolote kuhusu "chanzo cha rangi" hana budi kupima titaniamu vizuri, na titaniamu katika mawe haya huwa kidogo, karibu na kikomo cha chini cha maikroprobu kwa mipangilio ya kawaida.

Halafu kuna mistari ya eksirei inayopandana. Mstari wa Kβ wa titaniamu uko kwenye nishati ya keV 4.93 na wa Kα wa vanadiamu uko 4.95. Kwa tanzanite yenye titaniamu kidogo, kosa linaloingia kwenye vanadiamu ni dogo na mtu anaweza kulivumilia. Lakini Kβ ya vanadiamu (5.43) inakaa juu ya Kα ya kromiamu (5.41), na hapo mambo yanageuka: vanadiamu nyingi inajifanya kromiamu kidogo. Mwombaji aliahidi kulinganisha kromiamu ya sampuli 60 bila neno moja kuhusu marekebisho hayo. Ilitosha aandike sentensi moja: tutapima kiwango cha ulinganisho chenye vanadiamu bila kromiamu, tutaona mashine inasoma kromiamu kiasi gani ya uongo, na tutaitoa.

Vipande vyembamba navyo havikuwa na kazi. Maikromita 30 ni unene wa kutazama mwamba chini ya hadubini. Kwa rangi ya jiwe la thamani, kipande hicho hakina rangi ya kutosha kupimwa. Dola 1,500 zilikwenda huko kwa sababu wanajiolojia wamezoea kukata hivyo.

Mawe yaliyokwisha kuchomwa

Kosa lililoliua andiko hata hivyo liko kwenye mstari mmoja wa ukurasa wa pili: "sampuli zitanunuliwa Arusha". Tanzanite nyingi iliyo sokoni imeshachomwa. Ukichukua jiwe lililochomwa tayari, ukalichoma tena, ukaona halijabadilika, umepima nini? Wanaapolo (wachimbaji wa Mirerani) na mabroka wanalijua hili kuliko wanafunzi wengi wa uzamivu.

Namna ya kulitambua ni rahisi na haihitaji Ulaya. Zoisite ni fuwele yenye mihimili mitatu isiyo sawa, na mwanga ukipita kila mhimili hutoka na rangi yake. Chukua dikroskopu ya mkononi, kile kimrija chenye madirisha mawili madogo, ulielekeze jiwe kwenye mwanga mweupe na uligeuze polepole katika pande tatu. Jiwe bichi litaonyesha buluu, zambarau, na upande wa tatu wenye kahawia, njano au kijani. Jiwe lililochomwa litaonyesha buluu na zambarau tu. Yapo mawe machache yaliyopashwa na ardhi yenyewe, kwa hiyo kukosa kahawia hakuthibitishi kwamba jiwe limepitia tanuri, lakini kwa jaribio hili mawe hayo nayo hayafai. Kipimo cha dakika mbili kwa punje kingeokoa mradi mzima, na kukitaja tu kwenye andiko kungemwambia mhakiki kwamba huyu mtu anajua mawe.

Chanzo cha sampuli kina uzito mwingine pia. "Mirerani" peke yake haitoshi. Eneo la machimbo limegawanywa katika vitalu A hadi D, na tangu mwaka 2018 limezungushiwa ukuta wa kilomita zaidi ya 24, wenye lango linalokaguliwa. Jiwe lililopita mikono minne ya mabroka halina anuani. Punje iliyochukuliwa kwa mchimbaji mwenye leseni, ikaandikwa kitalu, shimo, kina na aina ya mwamba iliyokuwa imeishika (mara nyingi gneisi yenye grafiti), hiyo ni sampuli. Tena haihitaji kuwa jiwe la kuuza. Punje ya milimita tano yenye nyufa pembeni, isiyo na thamani kwa sonara, inafaa kabisa ilimradi ina sehemu safi ya milimita mbili.

Andiko lililofumwa upya

Swali sasa ni moja: je, ufyonzaji wa mwanga unaopotea jiwe linapochomwa unafuata kiasi cha titaniamu au kiasi cha vanadiamu? Ufyonzaji unaozungumzwa uko karibu na nanomita 450, na unapimika kwa spektromita ya kawaida ya mwanga unaoonekana, ambayo idara za kemia nyingi zinayo. Kinachokosekana huwa ni kichujio cha kupolaraisha mwanga na kishikio cha sampuli ndogo. Vyote viwili vinanunulika.

Sampuli zinaanza na punje 30 bichi, zilizopita dikroskopu. Kutoka kila punje inachongwa chembe moja na kutumwa kwa uchaguzi wa awali wa leza, nukta mbili kwa kila chembe. Hatua hii ndiyo akili ya andiko. Kama katika mawe yote titaniamu na vanadiamu zinapanda na kushuka pamoja, jaribio halitajibu kitu, maana huwezi kuzitenganisha. Unataka punje zenye vanadiamu nyingi na titaniamu kidogo, na za kinyume chake. Kati ya 30 unachagua 24 zinazotawanyika vizuri. Na kama hazitawanyiki? Andiko liseme wazi: zikipatikana pungufu ya 12, zitaongezwa punje za kitalu kingine kabla ya kugusa tanuri.

Kila punje kati ya hizo 24 hukatwa bamba mbili za unene wa milimita moja hadi mbili, kwa mwelekeo uleule wa fuwele, zikang'arishwa pande zote mbili. Unene hupimwa kwa kifaa cha maikromita hadi sehemu ya mia ya milimita, kwa sababu ufyonzaji hugawanywa kwa unene, na kosa la unene huingia moja kwa moja kwenye jibu. Bamba moja hubaki bichi. Nyingine husomwa kwenye spektromita, huchomwa, kisha husomwa tena mahali palepale. Moto upandishwe taratibu, nyuzi mbili au tatu kwa dakika hadi 600, ukae saa mbili, kisha tanuri lipoe lenyewe bila kufunguliwa. Bamba zinazopasuka mara nyingi ni zile zenye vimiminika vilivyonaswa ndani: gesi inapopanuka, ufa hufuata. Zikague kwa hadubini kabla, na uzitoe.

Leza huja mwisho, kwa kuwa inatoboa. Hapa pana mtego ambao mwombaji akiuonyesha anapata alama bila jasho. Mashine ya leza iliyounganishwa na kipima uzito wa atomi huhesabu isotopu, yaani atomi za elementi moja zenye uzito tofauti. Isotopu kubwa ya titaniamu ni ya uzito 48, karibu asilimia 74 ya titaniamu yote, na asiyejua ataichagua hiyo. Lakini kalsiamu nayo ina isotopu ya uzito 48. Ni asilimia 0.187 tu ya kalsiamu yote, ila zoisite imejaa kalsiamu, asilimia 17.6 kwa uzito. Zidisha: kalsiamu-48 peke yake ni kama sehemu 330 kwa milioni. Tuseme jiwe lina titaniamu sehemu 100 kwa milioni. Titaniamu-48 ni 74 tu. Mashine itasoma kalsiamu na mwombaji ataiandika titaniamu, zaidi ya mara tano ya ukweli, na namba zitakaa sawasawa kwa mawe yote kwa sababu kalsiamu haibadiliki. Ni data nzuri ya uongo. Dawa yake ni kupima titaniamu-49 au titaniamu-47, ingawa ni chache (asilimia 5.4 na 7.4), na kulipia uchache huo kwa tundu pana kidogo na muda mrefu wa kutoboa. Kalsiamu yenyewe inabaki kuwa kiwango cha ndani, na kioo cha NIST 610 au 612, ambacho kemia yake inajulikana, kiwe cha ulinganisho.

Hesabu ya muda: bamba 48 kwa nukta nane ni nukta 384. Kwa dakika mbili kila nukta ni dakika 768. Kila baada ya nukta 12 vioo vya ulinganisho hupimwa mara tatu. Hizo ni mara 96, dakika 192. Jumla dakika 960, saa 16. Siku moja ya leza ukiondoa maandalizi inatoa saa sita za kazi, kwa hiyo siku tatu ni saa 18, na saa mbili za akiba zimo humo.

Bajeti mpya ikawa hivi:

Leza siku tatu kwa 650: 1,950
Leza nusu siku, uchaguzi wa awali: 325
Maikroprobu siku moja: 450
Kichujio, kishikio na muda wa spektromita: 300
Punje 30 kwa dola 16: 480
Resini na kung'arisha, vidonge vinne vya bamba 12: 120
Tanuri: 150
Safari za Mirerani na kumbukumbu za sampuli: 550
Vibali na ukaguzi: 250
Usafirishaji mara mbili: 300
Makato ya benki: 125

Jumla 5,000. Nauli ya ndege imetoweka. Mwombaji ataifuata kazi ya leza kwa mtandao akiwa na fundi wa maabara upande wa pili, akichagua mwenyewe mahali pa nukta kwenye picha. Wapo watakaosema mwanafunzi anapoteza nafasi ya kujifunza mashine kwa mikono yake. Ni kweli anapoteza. Ila katika dola 5,000, safari ya dola 2,300 ingekula zaidi ya siku zote za leza zilizopangwa, na yeye angebaki na picha za uwanja wa ndege.

Siku ya maikroprobu inaweza kubishaniwa. Zoisite haiyumbi sana katika kalsiamu, na ungeweza kuchukua asilimia 17.6 ukaendelea. Tumeibakiza kwa sababu kabla ya leza kutoboa unahitaji picha ya elektroni inayoonyesha kanda za ukuaji na chembe za grafiti au rutile zilizojificha. Nukta ya leza ikiangukia juu ya chembe ya rutile, ambayo ni titaniamu tupu na oksijeni, jiwe zima litaonekana tajiri wa titaniamu.

Barua na vibali

Barua ya msimamizi katika andiko la kwanza ilisema mwombaji ni "mchapakazi, mwadilifu na mwenye nidhamu". Jopo haliwezi kufanya lolote na maneno hayo. Barua inayosaidia husema mwombaji ameshakata na kung'arisha bamba ngapi, chuo kina spektromita ya aina gani na inafanya kazi, ni fedha gani nyingine inalipia masomo yake, na msimamizi atafanya nini kama tanuri likiharibika. Iende pamoja na barua ya maabara ya leza yenye bei kwa siku, tarehe zilizotengwa na jina la atakayesimamia mashine. Bajeti isiyo na barua ya bei ni makisio, na wahakiki wanaisoma hivyo.

Chuo nacho kiulizwe mapema kama kitakata asilimia ya usimamizi. Ruzuku ndogo nyingi haziruhusu makato hayo, na ni aibu kuligundua hilo fedha ikiwa imeshaingia kwenye akaunti ya chuo.

Vibali ndivyo vilivyokuwa havipo kabisa katika andiko la kwanza, na hapa ndipo "uwezekano wa kufanikiwa" unapimwa kwa mtu wa Tanzania. Tanzanite ghafi haitoki nchini kama mfuko wa mchanga. Kuna uthibitisho wa chanzo kutoka kwa mwenye leseni, kuna ukaguzi wa langoni, na kuna kibali cha kutoa sampuli nje kutoka Tume ya Madini. Akishirikiana na mtafiti wa nje, suala la kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) nalo liangaliwe. Andiko liseme nani ataomba nini na mwezi gani, na uzito wa mzigo utajwe: chembe 30 za uchaguzi wa awali hazifiki gramu chache, na hilo lenyewe hurahisisha mazungumzo. Fomu zijazwe kwa gramu na karati zote mbili, kwa sababu ofisi za vito huzungumza karati na maabara huzungumza gramu, na mzigo ambao namba zake hazilingani hukaa mezani.

Ratiba ipangwe kutoka mwisho kurudi mwanzo. Tarehe ya leza ikiwekwa mwezi wa tisa, bamba ziwe zimechomwa na kusomwa mwezi wa saba, uchaguzi wa awali mwezi wa tano, na maombi ya kibali cha kwanza yawe yamepokelewa mwezi wa pili, kabla hata fedha haijafika. Kibali cha pili, cha bamba 48, kiombwe siku ileile majibu ya uchaguzi wa awali yanapotoka. Na kama kibali hicho kitachelewa kupita mwezi wa tisa, spektra zote zipo nyumbani tayari pamoja na vipimo vya unene, na maabara ikubali kwa barua kuhamisha siku zake mara moja bila malipo. Sentensi hiyo iombwe mapema, wakati wa kuomba bei.